Mwezi Mmoja, Idi Mbili: Kwa Nini Wanavyuoni Huhitilafiana?

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ama baad. Kila Ramadhani inapokaribia kwisha, wanafunzi wetu hutujia na swali: "Maalim, baba anasema kesho Idi, ami anasema kesho tunafunga. Nani amepotea?" Jibu letu ni kuwa hakuna aliyepotea. Natuitazame asili ya jambo hili.

Imam Muslim amepokea kwamba Kuraib alikwenda Sham, akauona huko mwezi wa Ramadhani usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa mwezi, Ibn Abbas (r.a.) alimweleza kuwa wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na wataendelea kufunga mpaka wakamilishe siku 30 au wauone mwezi. Kuraib akauliza: hautoshi mwandamo wa Muawiya? Akajibiwa kuwa hautoshi, ndivyo alivyowaamrisha Mtume (s.a.w.).

Katika Hadithi nyingine, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameamrisha tufunge kwa kuuona mwezi na tufungue kwa kuuona. Je, wanaoamrishwa ni Waislamu wote pamoja, au watu wa kila mji? Wengi katika madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wamesema ni wote: ukionekana pamoja, umewalazimu wengine. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi, ambao ndio wengi hapa kwetu mwambao, ni kuwa kila upande una matlai yake, na hoja yao ni Hadithi ya Kuraib. Wale wa kwanza wakasema hiyo ilikuwa ijtihadi ya Ibn Abbas.

Basi hakuna aliyeitupa Hadithi kwa matamanio yake. Walilotofautiana ni ufahamu, tena katika tawi. Ama kuwa funga ya Ramadhani ni faradhi, hapana khitilafu.

Tufanye nini?

Kwanza, asiyejua awaulize wenye elimu, kama tulivyoamrishwa katika Suratun Nahl, aya ya 43. Asichague kauli kwa kuwa imempunguzia siku ya kufunga.

Pili, mtoto awafuate wazee wake, wala asimtolee ami yake fatwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa: siku ya Idi ina khitilafu, lakini kukata udugu ni haramu bila khitilafu. Vipi tuvunje lile kwa ajili ya hili? Aliyeswali Idi leo asile mbele ya jirani aliyefunga. Na sahani ya pilau ikiletwa mchana kwa aliyefunga, aipokee kwa shukrani, aifunike mpaka magharibi, na kesho yake airudishe na chake ndani.

Allah aziunganishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.