Baiskeli katika bonde la Lokitaung: Mwogope jua kuliko mlima

Wakazi wengi wa mijini siku hizi wameirudia baiskeli. Wengine wameshauriwa na daktari kwa sababu ya shinikizo la damu au kisukari, wengine wanataka kupunguza kitambi, na wengine wamechoshwa tu na msongamano wa magari. Hilo ni jambo jema. Baiskeli huimarisha moyo na mapafu, na haiumizi magoti kama kukimbia.

Lakini mtu akishaizoea lami ya mjini, huanza kutamani barabara za changarawe za mbali, zenye mandhari na historia. Moja ya barabara hizo iko kaskazini mwa Turkana, kutoka Lodwar hadi Lokitaung, kisha kushuka bondeni hadi Ziwa Turkana. Somo letu leo ni namna ya kuiendea safari hiyo na kurudi nyumbani ukiwa mzima.

Safari yenyewe

Lodwar imekaa kando ya mto Turkwel, chini ya kilima chenye sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono. Kutoka hapo kwenda Kakuma kuna lami. Anayetaka changarawe huelekea kaskazini, kupitia Kaeris na Kaaleng, mpaka Lokitaung. Ni zaidi ya kilomita 150 za mchanga, kokoto na mito mikavu ambayo watu wa kaskazini huiita laga. Ukitoka Lokitaung kuelekea mashariki, njia huingia katika korongo lenye kuta za mawe, nayo huteremka hadi Lowarengak ziwani.

Bonde hili limeona mengi. Waitaliano walipokuwa wameikalia Ethiopia, kuanzia 1936 hadi 1941, Lokitaung ilikuwa kituo cha kijeshi karibu na mpaka. Vita Vikuu vya Pili vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1940, askari wa King's African Rifles waliwekwa upande huu, na mwaka 1941 majeshi yakavuka kuingia Ethiopia.

Baada ya vita ikaja jela. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko walihukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953. Wengi wao walikitumikia kifungo hicho cha miaka saba na kazi ngumu hapa Lokitaung. Kenyatta, aliyekuwa mzee kuliko wenzake, alipewa kazi ya kupika badala ya kazi za sulubu juani. Mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar chini ya amri ya kizuizi, akakaa huko hadi 1961. Vyumba vya jela ya Lokitaung vingalipo, na wageni huenda kuvitazama.

Upande wa dini, wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Patrick walifika Turkana wakati wa njaa kali ya 1961. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa chakula, maji na matibabu. Mpaka leo, misheni nyingi za njia hii, kama ile ya Nariokotome karibu na ziwa, hujulikana kwa visima na zahanati kama zinavyojulikana kwa makanisa.

Ukitafakari, askari, mfungwa na mmisionari wote walikutana na bwana mmoja katika nchi hii, naye ni joto. Lodwar iko mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida joto la mchana hufika nyuzi 35 na zaidi, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Wakoloni walipeleka wafungwa huko kwa sababu jangwa lenyewe lilikuwa ukuta wa jela.

Joto humshindaje mwendeshaji?

Misuli inapofanya kazi, karibu robo tu ya nguvu inayotumia ndiyo inayosukuma baiskeli. Robo tatu hugeuka joto ndani ya mwili. Mwili hulitoa joto hilo kwa njia mbili kubwa: damu hulipeleka kwenye ngozi, na jasho linapokauka huondoka nalo. Hewa ikiwa na joto karibu sawa na la ngozi, ile njia ya kwanza hudhoofika, na jasho hubaki peke yake.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa kazi hiyo tangu zamani. Mwaka 1984, huko Nariokotome, Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya kijana aliyeishi miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Alikuwa mrefu na mwembamba, na wataalamu husema umbo la namna hiyo lina ngozi nyingi ya kutolea joto. Lakini hata mwili kama huo unahitaji maji na kivuli.

Baiskeli ina udanganyifu wake. Ukiwa kwenye mwendo, upepo hukausha jasho upesi, nawe unajiona mkavu na mwenye nafuu huku lita moja ya maji au zaidi ikikutoka kwa saa. Kisha unafika kwenye mchanga mzito, mwendo unapungua, upepo unakatika, na misuli inafanya kazi maradufu. Ni hapo joto la mwili hupanda ghafla.

Dalili za hatari

Kuna hatua mbili za kufahamu. Ya kwanza ni uchovu wa joto: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza na moyo kwenda mbio. Anayepata dalili hizi asimame, akae kivulini, anywe maji yenye chumvi kidogo, na asiendelee na safari siku hiyo.

Ya pili ni pigo la joto. Hapa joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37, hupita 40, na ubongo huanza kuathirika. Mgonjwa huchanganyikiwa, huongea ovyo, hugomba bila sababu, huyumba, au huzimia. Usingoje ngozi yake iwe kavu, kwa maana aliyepatwa akiwa kazini anaweza kuwa bado anatoka jasho. Alama ya kuangalia ni akili. Mwenzako akishindwa kukuambia leo ni siku gani, hiyo ni dharura.

Kanuni ya huduma ya kwanza ni hii: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mlaze kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kukoma. Kama kuna barafu au maji baridi, weka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua usimnyweshe kitu, anaweza kupaliwa. Dawa za kutuliza homa hazisaidii hapa, kwa sababu hii si homa ya maradhi. Endelea kumpoza hata njiani kuelekea hospitali ya Lokitaung, au ya rufaa ya Lodwar. Kila dakika unayochelewa inaweza kugharimu figo, ini au maisha yake.

Maji kiasi gani?

Kwa mwendo wa wastani katika joto hili, panga nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya kuendesha. Kwa saa sita hizo ni lita tatu hadi sita, na lita sita ni kilo sita mgongoni mwa baiskeli. Ndiyo sababu ni vyema gari lifuatane nanyi likiwa na maji ya akiba.

Wengine husikia haya wakanywa maji matupu kupita kiasi. Hilo nalo ni hatari. Maji mengi yasiyo na chumvi huzimua damu, ubongo ukavimba, na dalili zake hufanana na zile za joto: kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa. Kwa hiyo kunywa kidogo kidogo kwa kufuata kiu, na kula vitu vyenye chumvi. Unaweza kutengeneza maji yako mwenyewe: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote kwa kusawazisha.

Angalia mkojo wako pia. Ukiwa na rangi ya majani makavu, uko salama. Ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa kunywa. Na shika kanuni hii: ukimaliza nusu ya maji kabla ya kufika nusu ya njia, na huna hakika ya kupata mengine mbele, geuka urudi.

Safiri kwa saa, si kwa kilomita

Wataalamu wa baiskeli za mashindano hawana la kuwafundisha Waturkana hapa. Wachungaji huondoka alfajiri, na jua linapokuwa kali hukaa chini ya mti. Nawe fanya hivyo. Anza saa kumi na mbili asubuhi, pumzika saa nne, na usirudi barabarani hadi saa kumi jioni. Hiyo ni kama saa sita za kuendesha kwa siku. Kwenye changarawe na mchanga, kwa kilomita 12 kwa saa, utapata kilomita 70 hivi. Kwa hesabu hiyo, Lodwar hadi Lokitaung ni safari ya siku tatu, wala si aibu.

Anayetoka Nairobi, Limuru au Eldoret asishuke leo na kuanza kesho. Mwili huhitaji kati ya siku saba na 14 kuzoea joto: moyo hutulia, na jasho huanza mapema na kuwa na chumvi kidogo. Siku za mwanzo endesha saa moja tu, asubuhi, kisha uongeze polepole.

Mtu mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za kuongeza mkojo, au aliyetoka kuugua malaria au kuharisha wiki hiyo, aahirishe safari mpaka aonane na daktari. Dawa za shinikizo la damu usiziache kwa sababu ya safari. Uliza kwanza.

Mambo mengine ya bonde

Tumia matairi mapana, usiyajaze upepo mpaka yawe mawe. Tairi laini kidogo hupunguza mtikisiko. Mtikisiko wa siku nzima hubana neva ya kiganja, na kidole cha mwisho pamoja na kile kinachofuata hufa ganzi. Vaa glavu na badilisha mkao wa mikono mara kwa mara. Vaa kaptura safi kila siku ili uepuke vidonda vya kwenye tandiko.

Usilale ndani ya laga, wala usiingie korongoni kukiwa na mawingu mazito upande wa milimani. Mafuriko yanaweza kufika mahali ambapo halikudondoka hata tone moja.

Maji ya Ziwa Turkana yana magadi na floridi nyingi, hayafai kunywewa. Maji ya visima vya kuchimba mchangani yachemshe. Turkana kwa miaka mingi imekuwa na ugonjwa wa uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu, unaotokana na mayai ya minyoo wa mbwa. Osha mikono kabla ya kula, na usiruhusu mbwa alambe vyombo vyako.

Mwisho, eneo la mpakani kuelekea Todenyang limewahi kumwaga damu. Kabla ya kuvuka Lokitaung, pata kauli ya polisi na ya chifu. Wakisema usiende, usiende.

Msomaji, baiskeli itakuonyesha bonde hili kwa namna ambayo gari haliwezi. Utasimama mbele ya chumba cha jela ukiwa na vumbi usoni, nawe utaelewa kwa ngozi yako maana ya kufanya kazi ngumu katika nchi hiyo kwa miaka. Lakini tofauti yako na wafungwa wale ni kwamba wewe una ruhusa ya kupumzika. Itumie.