SOMO: KAZI YA MTU NA UJIRA WAKE
Juu ya kunakili nyimbo, filamu na vitabu kwa njia ya simu



Katika somo hili tumependa kulitazama jambo ambalo vijana wetu hulifanya kila siku, na sisi wazazi hulinyamazia kwa sababu hatujui kama ni kosa au si kosa. Jambo lenyewe ni kuchukua nyimbo, filamu na vitabu vya watu wengine kutoka mtandaoni, bila ruhusa yao na bila malipo, kisha kuvigawa au kuviuza.

Vibanda vya kazi hii tunavijua sote. Kijana amekaa na kompyuta yake mezani. Unampa flashi au kadi ya simu na fedha kidogo, naye anakujazia nyimbo kwa mamia: Bongo Fleva, kaswida za majirani zetu Waislamu, na kwaya za Injili humo humo. Wengine hawaendi hata kibandani, bali hupakua wenyewe usiku wakati bando ni rahisi, na asubuhi wimbo umekwisha kufika katika simu za jamaa wote.

Je, huu ni wizi? Au ni maneno tu ya watu wa mjini? Tulijibu swali hili polepole, hatua kwa hatua, kama tulivyozoea kufanya darasani.

1. HAKIMILIKI NI NINI?

Hakimiliki ni haki ya mtu juu ya kazi iliyotoka katika akili yake na mikono yake: kitabu, wimbo, picha, filamu, programu ya kompyuta. Mwenye haki hii ndiye awezaye kusema nani anakili kazi hiyo, nani aiuze, na nani aionyeshe hadharani.

Haki hii si ngeni. Uingereza ilitunga sheria yake ya kwanza ya namna hii mwaka 1710, na mwaka 1886 mataifa kadhaa yalipatana katika mji wa Bern, Uswisi, kwamba yatalinda kazi za watunzi wa nchi zote zilizomo katika mapatano hayo. Tanganyika ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1924, wakati wa ukoloni; baada ya Uhuru ikaja sheria ya mwaka 1966. Tanzania ilijiunga na Mapatano ya Bern mwaka 1994, na mwaka 1999 Bunge likatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Chombo cha kuisimamia tunakifahamu kwa jina la COSOTA. Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2003.

Katika sheria hiyo ya 1999 neno "hakimiliki" ni la mtunzi, na "hakishiriki" ni la wale walioshirikiana naye: mwimbaji, mpigaji wa vyombo, mwenye studio aliyerekodi, na kituo cha redio. Basi wimbo mmoja wa dakika nne waweza kuwa na haki za watu wengi ndani yake.

Haki hizi hazidumu milele. Sheria ya 1999 iliilinda kazi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ndipo kazi huwa mali ya watu wote. Sisi wa Ujiji tuna mfano wetu. Daktari Livingstone alikaa hapa, na hapa ndipo Stanley alipomkuta mwaka 1871. Livingstone alifariki mwaka 1873, na shajara zake za mwisho zikachapishwa London mwaka 1874. Leo mtu yeyote wa Ujiji aweza kuzichapa shajara hizo tena kama zilivyotoka mwaka ule, wala hamwibii mtu. Lakini aliyetunga wimbo mwaka jana yu hai, ana watoto, na kodi ya nyumba inamngoja.

2. "WIMBO SI DAGAA"

Vijana wana hoja moja, nayo si ya kudharau. Husema hivi: "Nikichukua dagaa wa mtu walioanikwa mchangani, yeye hana dagaa tena. Lakini nikinakili wimbo, wimbo wake bado anao. Nimemwibia nini?"

Ni kweli, wimbo si dagaa. Lakini tutazame mfano mwingine wa ziwani. Boti hutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, hadi kupita Gombe. Abiria mmoja anapanda kwa siri, hakulipa nauli. Boti imefika salama, mwenye boti bado ana boti yake, wala abiria wengine hawakupungukiwa na nafasi. Je, yule hakuchukua kitu? Amechukua safari. Petroli ilinunuliwa na wengine, na nahodha alikesha kwa ajili yake pia. Na kama abiria wote wakifanya kama yeye, juma lijalo hakuna boti.

Mtunzi vivyo hivyo: hakuibiwa wimbo, amenyimwa ujira. Tuhesabu kidogo. Chukua kwaya ya watu 30, kila mmoja atoe shilingi 20,000 za studio. Jumla ni shilingi 600,000. Wakiuza kila nakala kwa shilingi 5,000, itawabidi kuuza nakala 120 ili warudishe tu fedha zao, bila faida. Wakauza 40, maana kabla ya juma kwisha wimbo umekwisha kuingia vibandani na kwenye makundi ya WhatsApp. Shilingi 400,000 hazipo. Kila aliyenakili aliona amechukua kitu kidogo sana, wala hakuna aliyemchukia mwanakwaya. Lakini mwaka unaofuata kwaya ile hairekodi tena.

Mambo haya hayakuanza na simu. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na sahani zilikuwa zikifyatuliwa Nairobi. Kaseti zilipoenea, wenye vibanda walinakili nyimbo zile na kuziuza kila mji wa nchi hii. Nyimbo zilipendwa na kila mtu, lakini wanamuziki wengi walizeeka mikono mitupu. Mwaka 2013 Serikali ilianza kutaka stempu za kodi zibandikwe kwenye kanda na diski za muziki na filamu ili nakala halali zitambulikane. Lakini wimbo unaopita hewani kutoka simu hadi simu haubandikwi stempu.

Tena yuko Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi wimbo "Mbube" mwaka 1939. Wimbo ule ulizunguka dunia nzima kwa majina mengine, hata ukaingia katika filamu ya Marekani mwaka 1994. Mwenyewe alikufa maskini mwaka 1962. Watoto wake walidai haki, na patano likafikiwa mwaka 2006, miaka 44 baada ya baba yao kuzikwa.

3. "INJILI NI BURE"

Hoja ya pili twaisikia humu humu kanisani: "Hawa wanamwimbia Mungu. Tumepewa bure, na tutoe bure. Kwa nini waombe fedha?"

Tusome 1 Wakorintho 9. Paulo anaeleza pale kwamba ahubiriye Injili ana haki ya kupata riziki kwa hiyo Injili. Kisha asema kwamba yeye mwenyewe hakuitumia haki ile. Angalieni mpango wa maneno yake: kwanza haki, ndipo kuiacha. Aliyeiacha ni Paulo mwenyewe. Wakorintho hawakumnyang'anya kisha wakasema, "Ndugu Paulo, umetoa sadaka."

Hilo ndilo jibu. Mwenye wimbo akisema, "Chukueni bure, enezeni," twaupokea kwa shukrani na kuueneza. Lakini ukarimu ni wa mtoaji. Hakuna awezaye kuwa mkarimu kwa mali ya mwenzake.

Na kuna hatari iliyo karibu zaidi nasi. Kikundi chataka fedha za mabati. Wanapakua filamu, wanaionyesha ukumbini kwa kiingilio, na fedha zinapelekwa madhabahuni. Nia ni njema. Lakini tukumbuke habari ya Daudi katika 2 Samweli 24. Arauna alitaka kumpa bure ng'ombe na uwanja wake wa kupuria, lakini mfalme alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, akavinunua kwa fedha. Kama Daudi alikataa hata kile alichopewa kwa hiari, sisi tutaleta je sadaka tuliyoipata kwa kazi ya mtu ambaye hakuulizwa?

4. UMASKINI WETU

Hoja ya tatu ndiyo nzito kupita zote. Kigoma ni mbali. Vitabu vingi havifiki, na vikifika bei yake humshinda mzazi. Mwanafunzi wa sekondari akikuta kitabu cha fizikia mtandaoni, tumwambie akifunge?

Sisi tuliofundishwa katika vyuo vya ualimu tulifundishwa kutumia kila njia ili mtoto apate kusoma, na hatuwezi kusema maneno mepesi hapa. Lakini sheria si ngumu kama watu wadhanivyo. Sheria ya 1999 iliacha milango kadhaa wazi:

(a) Mtu aweza kunukuu sehemu ya kazi iliyokwisha kutolewa kihalali, kwa kiasi kinachohitajika, akimtaja mwenyewe.

(b) Mwalimu aweza kutumia sehemu ya kazi kwa mfano wa kufundishia.

(c) Nakala ya mtu binafsi, kwa matumizi yake mwenyewe ya nyumbani, haikuhesabiwa sawa na nakala ya kuuza au kugawa, ingawa programu za kompyuta zina masharti yake.

(d) Mwaka 2020 Tanzania ilijiunga na Mapatano ya Marrakesh, yanayowezesha vitabu kutengenezwa kwa nukta nundu au sauti kwa ajili ya wasioona.

Tena kuna vitabu na masomo mengi mtandaoni ambayo wenyewe wameyaweka wazi watu wayatumie bure. Mzazi na amsaidie mtoto kutafuta hivyo kwanza.

Basi kuna tofauti kati ya mwanafunzi anayenakili kurasa chache ili ajifunze, na mwenye duka anayetoa fotokopi za kitabu kizima na kuzipanga mezani auze. Wa pili hawezi kujificha nyuma ya umaskini wa wa kwanza.

5. TUFANYE NINI?

Kwanza, tuulize. Wanakwaya wengi wa mkoa huu wana simu, nao wanafikika. Kumpigia mtu na kumwambia, "Tunaomba tuutumie wimbo wenu," hakugharimu hata shilingi mia mbili. Mara nyingi jibu ni ndiyo.

Pili, tusikilize mahali mwenye wimbo alipouweka yeye mwenyewe. Akiuweka YouTube na kutimiza masharti yao, hupata fungu la fedha za matangazo kwa kadiri watu wanavyousikiliza. Ni fedha kidogo, lakini zamfikia. Nakala iliyotoka kibandani haimfikishii kitu.

Tatu, tununue walau kimoja. Familia isiyoweza kununua nyimbo kumi yaweza kununua mmoja wa kwaya ya jirani.

Nne, tutaje majina. Katika karatasi ya ibada au ya tamasha, jina la mtunzi liandikwe. Wimbo "Malaika" ulirekodiwa Kenya na Fadhili William, naye Adam Salim alidai kwamba ndiye aliyeutunga. Ugomvi wa namna hiyo huanza pale ambapo hakuna aliyeandika jina mapema. Kwaya zetu nazo ziandike: nani alitunga, mwaka gani, na kazi iandikishwe COSOTA.

Tano, wenye vibanda ni watoto wetu. Tusiwaite majambazi. Walitafuta kazi wakapata hiyo. Yuko awezaye kupatana na kwaya auze nyimbo zao kwa ruhusa na kugawana mapato. Wazee wa kanisa wanaweza kuwakutanisha. Huo ni msaada kuliko lawama.

Katika Luka 10 Bwana wetu alisema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Mtunzi naye ni mtenda kazi, ingawa jembe lake halionekani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Mfano wa abiria wa boti unafanana wapi na kunakili wimbo, na haufanani wapi?

2. Kikundi chenu kinataka kuonyesha filamu ili kuchangia ujenzi. Mtafanya nini kabla ya kutangaza?

3. Soma 1 Wakorintho 9:1–18. Nani ana ruhusa ya kuiacha haki ya mhubiri? Nani hana?

4. Kwaya yetu ikirekodi mwaka huu, sisi washarika tutanunua nakala ngapi? Kila mmoja ajibu kwa ajili ya nyumba yake, na katibu aandike.