Maumivu ya mishipa: tupime dawa kabla ya kuimeza

Ndugu wanakoperative wa Lwiro, Katana na vijiji vya jirani,

Somo la mara hii si la mbegu wala mbolea. Ni la miguu inayomfikisha mkulima shambani. Mikutanoni tunasikia mara nyingi: "Nyayo zinaniwaka moto usiku", "Mguu unapigwa kama umeme kutoka kiunoni", "Vidole vimekufa ganzi". Wengine wanatoa pesa za mbegu kununua komprime na sindano sokoni. Septemba inafika, mbegu hakuna, na maumivu yako palepale.

Sisi maagronomi si madaktari, hatumwandikii mtu dawa. Lakini kupima faida na hatari ya dawa tunafanya pamoja shambani kila msimu. Tufanye vilevile kwa mwili.

1. Dawa gani kwa ugonjwa gani?

Mkulima wa viazi anajua: mankozebe inazuia mildiu, haiui viwavi. Kwa mwili iko hivyo hivyo. Diklofenaki inasaidia kiungo kilichovimba. Kwa mshipa wa fahamu ulioumia, mara nyingi haisaidii sana, na ukiitumia siku nyingi inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Dawa zinazotumiwa kwa mishipa ni nyingine: amitriptilini, gabapentini, na karbamazepini, hii ya mwisho hasa kwa maumivu ya uso yanayopiga kama radi. Ya kwanza ilianza kama dawa ya huzuni kubwa, hizo mbili kama dawa za kifafa. Kwa hiyo ukisikia umepewa "dawa ya kifafa", usikasirike. Hakuna aliyesema una kifafa.

2. Faida yake

Tusidanganyane: dawa hizi haziponyi mshipa, zinapunguza maumivu. Yakishuka nusu, ukalala usiku na asubuhi ukashika jembe, dawa imefanya kazi. Kwa amitriptilini, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne ndiye anapata nafuu kubwa inayotokana na dawa yenyewe. Inaanzishwa kidogo, mara nyingi miligramu 10 au 25 jioni, na inahitaji majuma kadhaa. Aliyekunywa siku tatu akaacha, bado hajaijaribu.

3. Hatari yake

- Amitriptilini inaleta usingizi, kinywa kikavu, choo kigumu na shida ya kukojoa. Mzee anaweza kuanguka. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme mapema. Ukizidisha inaua: iwekwe mbali na watoto.
- Gabapentini inaleta kizunguzungu. Mwenye figo mbovu anahitaji kipimo kidogo zaidi.
- Karbamazepini inaweza kuleta upele mkali wa ngozi: ukiuona, rudi kituoni siku ile ile. Inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya dawa fulani za ukimwi, na inaweza kumdhuru mtoto tumboni.
- Tramadoli inazoeza mwili, na inaweza kuleta degedege.

Usichanganye hata moja na kasiksi au kanyanga. Siku za kwanza usiendeshe pikipiki wala kupanda mti. Na usikate dawa ghafla. Kituo cha afya kitakuonyesha namna ya kuipunguza polepole.

4. Chanzo ni nini?

Ukikata magugu na kuacha mizizi, yatarudi. Mishipa inaumizwa na ugonjwa wa sukari, pombe nyingi, chakula kisicho na vitamini, ukimwi na ukoma. Ukiona baka la ngozi lisilosikia kitu, nenda upimwe. Izoniazidi, dawa ya kifua kikuu, nayo inaweza kuumiza mishipa. Usiiache! Omba vitamini B6, ndiyo kinga yake. Lakini B6 nyingi mno kwa muda mrefu nayo inaumiza mishipa ile ile. Hata vitamini ina kipimo.

Usingoje siku ya soko kama miguu inalegea, ganzi imeshika katikati ya mapaja, au mkojo unazuilika ama unatoka wenyewe. Hapo ni hospitali mara moja.

5. Maswali ya kumuuliza muuguzi

- Maumivu yangu yanatoka wapi?
- Dawa hii inanifaa na kazi yangu, mimba yangu, dawa zangu zingine?
- Tutajua baada ya majuma mangapi kama inasaidia?
- Isiposaidia, nitaiachaje?
- Kwa mwezi itagharimu kiasi gani?

Kwa mazungumzo ya kikundi: kila mmoja akumbuke dawa aliyoipata kwa jirani. Jirani alikuwa na ugonjwa ule ule? Alikuwa na umri ule ule, figo zile zile? Hatuazimani dawa ya shamba bila kusoma kibandiko chake. Basi ya mwili tuiazimane vipi?