SOMO: BEI KHIYARI

Ndugu wanachama, huenda mkauliza kwa nini wenye mashamba wengi wa zamani walikopa kwa hati ya namna moja tu. Hati hiyo iliitwa bei khiyari. Mtu aliliuza shamba lake kwa kiasi cha fedha alizokopa, akabaki na khiyari ya kulirudisha akilipa kwa muda uliowekwa. Na huku akalikodi mwenyewe kwa mwenye fedha. Kodi ilikaa mahali pa riba, maana riba ni haramu. Muda ukipita hajalipa, shamba huweza kumpotea, hata likiwa na thamani kuliko deni.

Mbona basi hawakubuni hati nyingine? Kadhi aliijua hii, mwandishi aliijua, mkopeshaji aliijua. Kila aliyeitumia alimrahisishia ajaye nyuma yake, na mwenye karatasi ngeni akaogopwa: nani ajuaye kadhi atasemaje? Kisha ikaja sheria ya mwaka 1934, iliyozuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamishiwe wengine bila kibali, ikawagusa wote kwa pamoja.

Nasi tukitaka hati bora ya kukodisha mikarafuu, tuitoe mtaa mzima msimu mmoja. Akianza mmoja peke yake, anayekodi atakwenda kwa jirani.