HERUFI ZA DISKI ZINAPOBADILIKA: SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaotumia kompyuta wanaarifiwa kwamba diski kuu inapobadilishwa, majalada yaliyomo yanaweza kuonekana yamepotea ilhali yapo salama. Mara nyingi kilichobadilika ni herufi ya diski tu. Madhumuni ya somo hili ni kueleza sababu ya jambo hilo na hatua zipasazo kuchukuliwa, kabla mtu hajafuta kwa mkono wake kumbukumbu ambazo mashine haikuzifuta.

Mfano wetu unatoka nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika Wilaya za Kibondo na Kasulu. Wilaya hizo ziko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi, kabla ya gridi ya taifa kufika, umeme wake ulitoka katika majenereta ya dizeli. Katika mazingira kama hayo karani hujifunza kujitegemea, kwani fundi hayupo mlango wa pili. Mtumishi wa Wete au Mkoani anayemngojea fundi avuke kutoka Unguja atauelewa mfano huu bila ya taabu.

Mwaka 2012 Wilaya ya Kakonko iligawanywa kutoka Kibondo, na Wilaya ya Buhigwe kutoka Kasulu. Mkulima wa Kakonko hakuhamisha shamba lake hata hatua moja. Lakini anwani yake ilibadilika. Aliyemtafuta kwa anwani ya zamani pekee angeweza kudhani hayupo. Herufi ya diski nayo ni anwani ya aina hiyo: huonyesha mahali, wala si mali yenyewe.

Herufi A na B zilitengewa diski laini tangu enzi za kompyuta za IBM za mwaka 1981. Diski kuu ilipoingia katika kompyuta hizo mwaka 1983, ilipewa C. Zinazofuata hugawiwa sehemu nyingine za diski, kisomaji cha sidii, flashi na diski za mtandao. Windows za leo huandika ugawaji huo katika daftari lake la ndani, kwa kufuata alama ya utambulisho ya kila diski. Diski mpya ina alama mpya. Windows iliyowekwa upya ina daftari jipya. Hivyo basi ugawaji huanza tena.

Tuseme kompyuta ya karani wa masjala ilikuwa na Windows katika C na kumbukumbu za ofisi katika D. Fundi ameweka diski mpya yenye Windows mpya, na ile ya zamani akaiacha iwe ya pili. Sasa kisomaji cha sidii kimechukua D, na kumbukumbu zimeangukia E. Programu ya masjala inatafuta D, haioni kitu, inatoa taarifa ya kosa. Hapo ndipo penye hatari: mtu mwenye haraka huamua kuifomati diski, na kumbukumbu za miaka mingi zikaondoka.

Hatua zipasazo kufuatwa ni hizi:

1. Usifomati chochote. Kompyuta ikiuliza kama diski ifomatiwe, kataa.

2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Utaona diski zote na sehemu zake. Itambue kila sehemu kwa jina lake na ukubwa wake katika gigabaiti, si kwa herufi.

3. Ikiwa D imeshikwa na kisomaji cha sidii, kipe kwanza herufi ya mbali, kama R. Kisha ipe D sehemu yenye kumbukumbu. Kazi hii yahitaji akaunti ya msimamizi wa kompyuta, na programu zote ziwe zimefungwa.

4. Washa kompyuta upya, fungua programu, na hakikisha majalada yanasomeka.

5. Sehemu yenye Windows usiibadilishe herufi. Kompyuta ikikubali neno la siri kisha ikakutoa papo hapo, huenda Windows inajitafuta katika herufi isiyo yake. Kazi ya kurekebisha daftari la ndani mwachie fundi.

Mafundi nao wazingatie mambo mawili. Kwanza, diski inaponakiliwa nzima kwenda diski nyingine, kompyuta izimwe na diski ya zamani itolewe kabla ya kuiwasha mpya kwa mara ya kwanza. Zikiwashwa pamoja, alama zao hugongana na Windows yaweza kuzikosea. Pili, kompyuta inapowashwa kwa njia ya uokoaji, herufi huweza kuonekana tofauti na za kawaida. Hilo si kosa. Tumia diskpart na amri ya list volume kutambua sehemu kabla ya kugusa chochote.

Aidha, diski ya zamani isitupwe wala kuuzwa. Ndani yake mna majina ya watu, mishahara na mashauri yao, nayo ni amana. Kwa ofisi kama za Kibondo na Kasulu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa hizo zilindwe. Diski ifungiwe kabatini hadi nakala zihakikiwe, kisha ifutwe kwa utaratibu unaokubalika.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kila ofisi inashauriwa kuandika katika karatasi moja, kabla fundi hajafungua kompyuta, herufi ya kila sehemu, jina lake, ukubwa wake na kilichomo. Karatasi hiyo ihifadhiwe katika jalada la kompyuta husika, na nakala ya kumbukumbu iwekwe nje ya kompyuta hiyo. Wakuu wa vitengo wanaombwa kuhakikisha kwamba hakuna kompyuta inayokabidhiwa kwa fundi bila ya mambo hayo mawili kukamilika.