SOMO LA UFUNDI: TANURI LA GESI KWA MHUNZI ANAYEANZA



Sisi wa Dodoma tunajua mvua zetu. Ni za msimu mmoja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, na ikifika Aprili zinakwisha. Mtu akivunja jembe wiki ya kwanza ya mvua, na fundi yuko mbali, uwele haumngoji. Jirani yake anapalilia, yeye bado anatafuta basi la kwenda mjini. Ndiyo maana kijiji chenye mhunzi wake kina bahati.

Ufundi wa chuma si mgeni katika nchi yetu. Katika Mkoa wa Kagera yamechimbuliwa mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma ambazo ni za kama miaka 2,000 iliyopita. Kule Ufipa wazee walijenga tanuri ndefu za udongo, zilizoitwa malungu, ndefu kumpita mtu. Baadaye majembe ya kiwandani yakaja, mengi katika miaka ya 1970 yakitoka kiwanda cha UFI, Ubungo, Dar es Salaam. Wahunzi wengi wakaacha kuyeyusha chuma. Lakini kazi ya kufua na kutengeneza haikufa. Mwaka 1973 Serikali iliunda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na wahunzi ni miongoni mwa watu waliofaidika nalo.

Mhunzi wa kijijini hutumia mkaa na mivukuto. Mkaa ni miti. Hapa kwetu jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Mwaka huo huo wa 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa sababu ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa ili majani na miti vipate kurudi. Wazee wa Kondoa wanaikumbuka siku hiyo.

Siku hizi mitungi ya gesi ya kupikia imefika hata vijijini. Serikali ina mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Basi vijana wanaotaka kujifunza uhunzi hutuuliza: "Mwalimu, kama mama anapikia gesi, kwa nini mimi nisifulie chuma kwa gesi?"

Inawezekana. Gesi ile ni mchanganyiko wa propani na butani, na katika tanuri lililojengwa vizuri inafikisha chuma rangi ya manjano bila taabu. Haina moshi mwingi, haihitaji mtoto wa kuvuta mivukuto kutwa, na ukizima imezimika. Lakini moto wa mhunzi si moto wa ugali. Mambo mengi tutakayosema hapa ni ya kumlinda fundi asiungue.

Mahali pa kuweka tanuri

Usiweke tanuri ndani ya nyumba. Chagua banda lenye paa la bati na pande zilizo wazi. Banda la nyasi, hapana kabisa.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi. Inashuka, inatambaa chini, inajaa kwenye shimo au pembeni mwa chumba na kungoja cheche. Sababu ya pili ni hewa ya sumu isiyo na harufu. Ni ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Tanuri la gesi nalo huitoa. Ukiwa kazini ukaona kichwa kinauma na miguu inalegea, usiseme ni jua. Zima, toka nje.

Kujenga tanuri lenyewe

Hapa wanaoanza hukosea kipimo. Michoro mingi ya tanuri za gesi imetoka nchi za nje, na wenyewe hufua visu. Kisu ni chembamba. Jembe letu la mkono ni pana. Ukijenga tanuri la kisu, jembe litabaki mlangoni. Kwa hiyo pima jembe lako kwanza, ndipo ununue matofali.

Kwa kuanza, nafasi ya ndani yenye upana wa sentimeta 22, kimo sentimeta 11 na urefu sentimeta 23 inatosha kichomeo kimoja. Jembe lako likizidi upana huo, ongeza upana kidogo na upunguze kimo. Usilifanye kubwa zaidi kwa tamaa. Tanuri kubwa linakula gesi na halipati moto.

Tumia matofali ya moto, yale yanayotengenezwa kwa udongo maalumu. Matofali yetu ya kuchoma ya kujengea nyumba hayavumilii, hupasuka. Saruji nayo hupasuka na kurusha vipande. Mawe ya mtoni ni hatari zaidi, maana maji yaliyofichika ndani yakichemka jiwe hulipuka. Matofali yabanwe kwa fremu ya chuma yenye boliti ndefu, ili paa lisianguke. Mbele pawe wazi, na nyuma uache tundu dogo. Moto ukikosa pa kutokea utarudi kwenye kichomeo.

Wengine hununua sufi nyeupe ya kauri kwa kufunika ndani. Ni nzuri kwa kutunza joto, lakini nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki. Ni lazima ipakwe udongo wa moto mpaka isionekane kabisa. Kwa fundi wa kijijini sisi tunashauri matofali.

Kichomeo ni lile bomba ambamo gesi na hewa huchanganyika kabla ya kuwaka. Usijitengenezee cha kwanza. Mpe kazi hiyo fundi anayekijua, au uliza ofisi ya SIDO ya mkoa, au chuo cha VETA. Tundu la gesi katika kichomeo ni dogo kama la sindano, na likikosewa kidogo tu moto unakimbia au unarudi nyuma.

Regyuleta na mpira

Regyuleta ya jikoni haifai kwa kichomeo kinachojivutia hewa chenyewe. Inatoa gesi kwa nguvu ndogo sana. Kuna watu huitoboa au kuichokonoa ili ipitishe zaidi. Huko ni kuchezea kifo. Nunua regyuleta ya nguvu kubwa, yenye saa ya kuonyesha mgandamizo, katika maduka ya vifaa vya kuchomelea. Mpira nao uwe wa gesi. Mpira wa maji hauna kazi hapa. Uubane kwa klipu pande zote mbili.

Mtungi usimame wima, mbali na tanuri kama hatua nne, na mpira usipite chini ya miguu ya watu. Kila unapofunga vifaa, paka povu la sabuni kwenye viungio vyote. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Funga, kaza, jaribu tena. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama umemwona mtu akifanya hivyo na akapona.

Kuwasha na kuzima

Kuwasha: fungua koki ya mtungi, lakini koki ya kichomeo iwe imefungwa. Washa kipande cha karatasi, kiweke ndani ya tanuri. Simama ubavuni, usisimame mbele ya mdomo. Sasa fungua koki ya kichomeo kidogo kidogo. Ukifungua gesi kwanza halafu ukaanza kutafuta kiberiti mfukoni, tanuri limeshajaa, na litakurushia moto usoni. Moto usiposhika, funga, subiri hewa ipite, anza upya.

Kuzima: funga mtungi kwanza. Acha moto umalize gesi iliyobaki kwenye mpira. Ukizimika wenyewe, funga koki ya kichomeo.

Mtungi mdogo ukitumika kwa nguvu huwa baridi sana, hata huota barafu nyeupe nje, na moto unafifia. Gesi haijaisha. Imepoa mno, haiwahi kugeuka mvuke. Usiukaribishe mtungi motoni! Usimamishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, au tumia mtungi mkubwa zaidi. Mtungi wa kilo 6 ni wa jikoni. Kwa uhunzi anza na wa kilo 15.

Hesabu ya gesi

Hapa ndipo kisomo kinapolipa. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Usome. Kisha pima mtungi kwenye mizani ya mazao kabla ya kazi na baada ya kazi, uandike daftarini. Tanuri dogo lenye kichomeo kimoja hula kama nusu kilo hadi kilo moja kwa saa.

Tufanye mfano. Tuseme mtungi wa kilo 15 unauzwa shilingi 60,000, na tanuri lako linakula robo tatu ya kilo kwa saa. Mtungi utakupa saa 20. Gawanya 60,000 kwa 20, unapata shilingi 3,000 kwa saa. Kwa saa moja ukinyoosha na kunoa majembe manne, kila jembe limekula gesi ya shilingi 750. Bado hujahesabu jasho lako, wala nauli ya kurudisha mtungi mjini. Ukitoza shilingi 500 kwa jembe, unawagawia watu gesi yako bure.

Kwa sababu hii, kwa maoni yetu, gesi haimfai fundi anayewasha moto kwa jembe moja asubuhi na jingine jioni. Akusanye kazi, awashe mara moja, zote zitoke. Na mtaji ni bora uwe wa kikundi. Watu watano wakichanga, mmoja hataumia.

Chuma chenyewe

Fuawe si lazima iwe ya dukani. Kipande kizito cha chuma kilichofungwa kwenye gogo kinatosha. Gogo liwe gumu. Mbuyu ni mnene, lakini laini kama sifongo. Kimo chake kifike kwenye vifundo vya vidole ukisimama na ngumi umeining'iniza. Vipande vya reli ni vizuri sana, lakini reli ni mali ya umma. Usikinunue kipande ambacho muuzaji hana karatasi yake.

Kwa kuongeza ncha ya jembe au kutengeneza shoka, springi ya lori ni chuma kizuri. Ifue ikiwa na rangi ya chungwa. Ikirusha vicheche vyeupe imeungua, itupe. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki usiyaingize motoni, moshi wake huleta homa.

Kukomaza makali: pasha moto mpaka sumaku isishike tena, kisha tumbukiza katika mafuta. Springi ikiingia kwenye maji baridi huweza kupasuka. Baada ya hapo isugue ing'ae, ipashe polepole mpaka rangi ya buluu itokee, uiache ipoe. Ukiruka hatua hii ya mwisho, jembe litavunjika kama chungu kwenye jiwe la kwanza.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mtungi wa gesi usiwekwe shimoni au ndani ya chumba?
2. Ukizima tanuri, unafunga koki ipi kwanza? Kwa nini?
3. Mtungi wa kilo 15 unauzwa bei gani kijijini kwenu? Ikiwa tanuri linakula kilo moja kwa saa, na fundi anamaliza majembe matano kwa saa, kila jembe limekula gesi ya shilingi ngapi?
4. Katika kijiji chenu, majembe mangapi huvunjika kabla ya Krismasi, na hutengenezwa wapi?