Namna ya kupata mtu wa kukuongoza katika sayansi



Wengi wanatuuliza: «Nitapata wapi mtu wa kunionyesha njia?» Tuangalie Michael Faraday, yule tunayekuta jina lake katika fiziki tukifika kwenye umeme. Alizaliwa Uingereza mwaka 1791, baba yake mufua vyuma. Shule alisoma kidogo tu. Akiwa na miaka 14 aliingia kwa fundi mmoja wa London kujifunza kazi ya kushona vitabu, na vile alivyovishona, alivisoma.

Mwaka 1812 muteja mmoja wa duka akamupatia tikiti za kusikiliza masomo 4 ya Humphry Davy, bingwa wa shimi. Sasa hapa muangalie vizuri. Faraday hakumufuata Davy mikono mitupu na kusema: «Mzee, unisaidie.» Aliandika yote aliyosikia, akachora na vyombo, kurasa karibu 300, akazishona kuwa kitabu, ndipo akamutumia. Davy aliona kwanza kazi ya huyu kijana. Mwezi wa tatu 1813 akamuingiza katika laboratwari kuwa musaidizi.

Haikuwa asali kila siku. Katika safari yao ya Ulaya, toka 1813 mpaka 1815, bibi ya Davy alimufanya kama boyi wa nyumba. Alivumilia (mimi sijui kama ningeweza), kwani kando ya Davy aliona namna mtu wa sayansi anavyouliza maswali, tena alikutana na wakubwa kama Volta.

Lakini tatizo lenyewe lilikuja mwanafunzi alipokomaa. Faraday alipopendekezwa kuingia Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wake, alipinga. Mwaka 1824 wenzake wakamuchagua vilevile. Mwaka 1831 Faraday akagundua namna sumaku inavyozalisha umeme. Mashini za Inga zinatumika kwa kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo sisi wa darasa la sita, mudogo akitushinda kwa hesabu, tusimufungie mulango.

Daftari zetu za majaribio ziko katika kabati la laboratwari. Kila siku ya ine, kisha masomo, wawili kati yetu watabaki pale. Mwenye kuja alete zoezi moja alilojaribu yeye mwenyewe, hata kama lilimukatalia.